Saa Moja ya Mama Effie

Mchanga tulioupita kwa miguu mchana kuja kisiwani ulikuwa umeshamezwa na maji, na Mama Effie alisimama kando ya tao la mwamba akiitazama bahari kama mtu aliyetukanwa na mwanawe wa kumzaa.

Mimi nilikuwa msichana wa Glasgow, nimekuja kufanya kazi kwenye hoteli ya kijiji chao cha pwani, nikampenda mwanawe, Lachie. Miezi sita mama huyo hakuwa amenipa neno zaidi ya "chai ile pale". Ndipo Lachie akatusukuma twende kisiwani wawili tu, tukaone ndege wenye midomo ya rangi ya machungwa, huenda tukazoeana. Tulikula mikate yetu kimya. Ndege ndio walioongea.

Sasa Effie akatoa kijitabu cha saa za kupwa na kujaa kwa maji. Miaka yote vijitabu vile vilifuata saa za majira ya baridi, na kiangazi, saa za nchi zinaposogezwa mbele, kila mwenyeji aliongeza saa moja kichwani. Cha mwaka ule kilikuwa kimeshaongezwa, na yeye akaongeza tena. Niliyaona maandishi madogo chini ya ukurasa yaliyosema hivyo. Naye akaniona nikiyaona.

Kukwama pale ilikuwa aibu ya watalii. Effie mwenyewe alishawacheka wengi dukani, mmoja mmoja, kwa majina.

Haikupita muda, Torquil wa kijijini akaja na mashua yake, nusu ya kijiji ndani, maana hakuna aliyetaka kuja kusimuliwa.

"Wageni tumewazoea, Effie," akasema, meno yote nje. "Lakini wewe, bibi?"

Mimi, niliyelelewa kwa umbea, nilikuwa na habari ya mwaka mzima mdomoni.

"Ni mimi," nikasema. "Ananihimiza turudi tangu saa tisa, mimi nimeng'ang'ania ndege."

Effie akakitia kijitabu mfukoni.

"Glasgow wana mto tu," akamwambia Torquil. "Nitamfundisha mwenyewe." Akanipa mkono nipande.

Kwa miaka thelathini, kila nyumba ilipojaa watu, alisimulia jinsi mkwewe alivyomkwamisha, na kila mwaka nilizidi kuwa mjinga. Mimi nilimimina chai na kucheka kuwashinda wote.

Alipofariki, Lachie alikikuta kijitabu kile kwenye sanduku lake la kushonea, ukurasa wa Juni umekunjwa. Akaniuliza mamake alikiwekea nini.

"Sijui," nikasema.

Akanitazama sana. Tangu anioe hakuwahi kunisikia nikilitamka neno hilo.