Mbao za Mama na Kompyuta Ambayo Haijatoka

Mume wangu anaifahamu kompyuta ambayo bado haijatoka kiwandani kuliko anavyonifahamu mimi niliyemzalia mtoto. Muulize mke wake anapenda chai ya namna gani, ataanza kukuna kichwa. Muulize ile kompyuta mpya ya mezani inayosubiriwa na watu wa mitandaoni itakuwa na umbo gani, utakaa hapo mpaka miguu ife ganzi.

Anaitwa Fanueli. Ni fundi seremala hapa Same mjini, karakana yake iko ng'ambo ya barabara kuu, na kwa vitanda na makabati sijaona wa kumfikia. Nalisema hilo ingawa nina hasira naye. Shida ilianzia kwa Nassoro, mwenye steshenari ya karibu na stendi. Siku moja Nassoro alisema, kikombe cha kahawa mkononi, kwamba kompyuta hiyo ikitoka yeye ndiye atakuwa wa kwanza kuileta Same, na angependa ikute meza yake iko tayari inaisubiri. Mtu mwingine angecheka akaendelea na kahawa yake. Fanueli alikwenda moja kwa moja kupiga randa.

Na alipiga randa mbao za nani? Za mama yangu.

Mama yuko Vudee, huko mlimani, peke yake tangu baba alipofariki. Mlango wake ulitafunwa na mchwa mpaka zikabaki bawaba, na mahali pake akaegemeza bati na kulizuia kwa jiwe. Kipupwe kikifika, ukungu unapita pembeni ya bati na kuingia ndani bila hodi, na mama anakohoa mpaka kunapambazuka. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mkangazi ambao baba aliupanda mwaka niliozaliwa. Mama alikubali ukatwe. Ukapasuliwa mbao, mbao zikateremshwa Same kwa mkwe wake amtengenezee mlango. "Kabla ya baridi utakuwa nao," nilimwambia mama, na nilisema kwa kifua mbele, kwa sababu nilikuwa nimeolewa na seremala.

Hapa lazima nieleze jambo moja, la sivyo hamtaelewa kwa nini mzigo wote uliniangukia mimi. Kwetu mkwe mwanamume na mama wa mkewe wanaheshimiana kwa kutotazamana usoni wala kusemezana. Familia nyingine zimeshalegeza mambo hayo, siku hizi wanapiga hadi picha pamoja. Mama hajalegeza kitu. Fanueli akifika Vudee anasimama uani, mama anakaa ndani, na mimi nasafirisha maneno huku na huku wakati wote wawili wanasikiana vizuri tu. "Mwambie mkwe wangu karibu." "Mwambie mama nimeshakaribia." Kwa hiyo mama hawezi kumuuliza Fanueli mlango umefikia wapi. Hata kwa simu anauliza hali ya hewa ya Same, kisha anakohoa, kisha ananiaga. Afadhali angenitukana.

Uvumi wa kwanza ulisema kompyuta itakuwa boksi pana lililolala, bapa, la kuwekwa chini ya skrini. Fanueli akachukua ubao mmoja wa mama akaanza kutengeneza rafu ndefu ya kulilaza hilo boksi. Kabla gundi haijakauka, Nassoro akaja na habari nyingine: hakuna boksi kabisa, hakuna sipiyu, kila kitu kimefichwa mgongoni mwa skrini. Rafu ikang'olewa. Ubao ule ukawa vipande, vipande vikawa vigoda, na vigoda viko nyumbani kwangu hadi leo, nikivikalia moyo unachemka.

Kisha ikaja picha iliyovuja.

Siku hiyo nilimpelekea makande ya mchana. Nikawakuta wameinamia simu ya Nassoro, vichwa vimegusana. Picha yenyewe ilikuwa na ukungu kuliko Vudee. Ilionyesha kitu cheusi, cha mviringo, kimesimama sakafuni, na pembeni yake mkono wa mtu.

"Umeona, shemeji?" Nassoro aliniambia. "Safari hii ni mviringo. Kama mtungi."

"Na mtungi huo unaingiaje kwenye meza?"

"Hilo ndilo swali!" Fanueli alisema, macho yanang'aa. Alidhani nimeuliza kwa kutaka kujua. "Feni iko chini, sivyo Nassoro? Hewa inaingilia chini, inatokea juu. Ukiiweka juu ya ubao mzima itapata joto. Kwa hiyo unatoboa tundu. Inazama nusu, nusu inabaki juu."

"Nani amesema inazama?"

"Hakuna aliyesema, Mama Vicky. Sisi tunakisia."

"Mimi siafiki," Nassoro alisema. "Nakisia ina miguu."

"Miguu! Kitu cha mviringo kiwe na miguu?"

"Sufuria la ubwabwa si lina mafiga?"

"Mafiga si miguu ya sufuria, Nassoro!"

Waligombana kweli, watu wazima wenye mvi, kuhusu miguu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukigusa. Mimi nimesimama hapo na makande yanapoa. Ndipo nikaona mbao za mama. Alikuwa amezipanga ubavu kwa ubavu, amezigundisha na kuzibana, zimekuwa ubao mmoja mpana umelala juu ya farasi, ile miguu ya mbao ya kubebea kazi. Moyo wangu uliruka kwa furaha, maana nilidhani naangalia mlango.

"Ni meza," Fanueli alisema kabla sijauliza. "Nassoro anataka pana, na kibodi ikae, na wateja waegemee."

"Baba Vicky, mama anakohoa."

"Najua. Wanatangaza karibuni tu. Wakishatangaza nitajua vipimo kamili, nitamaliza meza, kisha mlango nitautafutia mbao nyingine."

"Nyingine za mti wa baba?"

Aliinamisha macho. Nilidhani nimempata. Kumbe alikuwa anaangalia ule mkono kwenye picha. Babu yake alimfundisha useremala kwa shubiri kabla hajashika futi, na mpaka leo, kitu asichoweza kukifikia kwa futi anakipima kwa shubiri. Akauweka mkono wake juu ya simu, akautanua, akaukunja, akalinganisha na mkono wa mtu wa pichani, akasema upana wa kompyuta ni shubiri moja na nusu. Nikamwambia hamjui huyo mtu, pengine ana mikono kama makoleo. Akaniambia mkono wa binadamu ni mkono wa binadamu. Akachora duara kwa penseli, mbele yangu, katikati ya mbao za mti ulio na umri wangu, akawasha msumeno wa umeme.

Nililia. Nilikaa kwenye rundo la maranda nikalia waziwazi, na Nassoro akakumbuka ghafla kwamba ameacha duka wazi.

Wiki iliyofuata nilikuwa karakanani Nassoro aliporudi akitembea taratibu, simu ameitia mfukoni, jambo lisilo la kawaida yake. Ile picha imekanushwa, alisema. Aliyeipiga amejitokeza mwenyewe na kuwacheka watu. Ilikuwa ni pipa la kutupia karatasi, la ofisini kwao, la kukanyaga kwa mguu.

Fanueli alibaki amelitazama tundu lake. "Lakini kompyuta yenyewe bado inaweza kuwa mviringo," alisema. "Hawajakanusha mviringo."

Simu yangu iliita, alikuwa mama. Upepo ulikuwa umeangusha bati, jiwe limebingirika hadi migombani, na yeye alikuwa amelala nyumba ikiwa wazi kwa sababu hakuweza kulirudisha. Sauti yake ilikwaruza kiasi kwamba nilimtambua kwa maneno tu. Kisha akasema, "Mwambie mkwe wangu asihangaike." Hakusema kwa kejeli. Mama hana kejeli. Alimaanisha asihangaike.

Niliweka simu kwa sauti ya juu, maneno hayo Fanueli akayasikia mwenyewe. Nikamwambia, "Leo ni siku ya gulio. Pikapu za ndizi zinarudi Vudee tupu. Ubao huu unapanda mlimani hivi ulivyo, na tundu lake. Ukitaka kuja njoo, usipotaka nitaupigilia mwenyewe kwa misumari ya kuezekea."

Hakubisha. Alikusanya bawaba, komeo, randa ndogo na bisibisi, akapanda nyuma ya pikapu akaukumbatia ule ubao njia nzima. Kile kipande cha duara alichokitoa kwenye tundu mimi nilikuwa nimekitia kwenye kikapu. Nilijua kitahitajika.

Tulimkuta mama amejifunika blanketi, ameketi kwenye kigoda kando ya kizingiti. Alipomwona mkwe anakuja na ubao aligeukia ukutani kama kawaida. Nikasafirisha salamu. Shikamoo ikaingia, marahaba ikatoka. Fanueli akaanza kazi, na kazi yake, nimeshasema, haina doa. Alipunguza huku, akapiga randa kule, na jua lilipoelekea kuzama mlango ulikuwa umesimama kwenye fremu, unafunguka na kufungika bila kulalamika. Mama alikuwa ndani, sisi nje. Akaufunga.

Hapo ndipo Fanueli alipoelewa alichokifanya. Alichutama kulainisha ukingo wa chini, akainua kichwa, na uso wake ukaja sawasawa na tundu, na upande wa pili alikuwa mama kwenye kigoda chake. Aliruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Ameutoboa mlango wa mama mkwe wake dirisha la kumchungulia! Akakaa chini, mgongo ameupa mlango, mikono ameifunika usoni.

"Sasa unaona?" nilimwambia. "Sasa unaona kompyuta yako?"

Kisha ndani nikasikia kigoda kinasogezwa. Mama naye aliugeuzia mlango mgongo, nilimwona bega kupitia tundu, akaegemea. Akakohoa.

"Hili tundu ni la nini?"

Nilifungua mdomo nilisafirishe swali, kama nilivyozoea. Fanueli alijibu kabla yangu. "La kompyuta, mama."

Tangu aliponiposa sikuwahi kusikia sauti zao zikigusana.

"Na hiyo kompyuta iko wapi?"

"Bado haijatoka, mama."

"Haijatoka, na tundu lake umeshatoboa?"

"Ndiyo, mama."

Nikasubiri. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilisubiri kwa raha. Maneno yote niliyokuwa nimeyameza tangu mbao zilipofika Same, nilijua sasa yatatoka kwa mwenye mbao. Mama alianza kutoa sauti fulani, nikadhani ni kikohozi. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mlango ukatikisika kwenye bawaba zake mpya.

"Itakuwaje hiyo kompyuta?" aliuliza alipopumua. "Niambie vizuri."

Basi, akaambiwa. Akaambiwa boksi bapa, akaambiwa skrini yenye kila kitu mgongoni, akaambiwa hata habari ya pipa la karatasi. Fanueli alikuwa anaeleza kwa mikono, wakati aliyekuwa akielezwa hawezi kuiona mikono. Mimi nimesimama uani na kikapu changu, sina wa kumpelekea neno.

"Mimi ningeitia mpini," mama alisema.

"Mpini?"

"Kitu cha thamani hukiwekei mpini? Nyumba ikishika moto utakibebaje?"

"Mpini!" Fanueli alitoa penseli sikioni. "Mama, hakuna aliyefikiria mpini. Nassoro hajafikiria. Mpini juu, au ubavuni?"

"Juu. Ubavuni itamwagika."

"Kompyuta haimwagiki, mama."

"Unajuaje, na haijatoka?"

Nilitaka kupiga kelele. Mimi ninayempigia simu kila siku, namuuliza amekula nini, dawa amekunywa, kuni zipo, najibiwa kwa neno moja moja. Huyu aliyemmalizia mbao anaulizwa mpini. Na hapohapo nilikuwa nafikiri kwamba tangu tulipomzika baba sijamsikia mama akibishana na mtu, na kwamba yeye na baba walikuwa wakibishana hivihivi, kuhusu mvua, kuhusu barabara ambayo ingekuja kupita wapi. Nilifurahi, na nilimwonea mume wangu wivu.

Ukungu ulianza kupanda kutoka bondeni. Ulipita migombani, ukafika uani, nikauona unaingia taratibu kwenye lile tundu. Nikatoa kile kipande cha duara kwenye kikapu, nikapiga magoti karibu na mume wangu, nikakipachika. Kilienea sawasawa. Kazi yake haina doa.

"Mama," nilisema, "naziba, baridi inaingia."

Kipande kilisukumwa kutoka ndani, kikaniangukia mapajani.

"Ngoja kwanza," mama alisema. "Hajaniambia rangi yake."