Namba Sita za Jebet

Mimi ndiye niliyempeleka Jebet kwa Fabian. Hilo nalisema mapema ili mtu asije akanionea huruma bure. Nilimpeleka kwa miguu yangu, siku yangu ya mapumziko, na chai nikanunua mimi.

Fabian ni dereva wa kampuni moja hapa Doha. Ijumaa huketi na laptop yake kwenye mkahawa wa pale Fereej Bin Mahmoud, akiwasaidia Wakenya kujaza fomu za nyumbani kwa mtandao. Miezi minane nilikuwa nampenda huyo mwanamume. Miezi minane nikimpelekea karatasi ambazo hata hazikuwa na shida, ili tu akae karibu nami akizisoma. Alikuwa hajasema kitu, lakini alikuwa karibu kusema. Mwanamke hujua.

Sasa Jebet, ambaye tunalala naye chumba kimoja, akaanza maneno ya kodi. Benki yetu ya nyumbani ina akaunti ya watu wa ng'ambo: ukituma pesa kila mwezi bila kuruka, inakuwekea kazawadi. Kumbe hiyo zawadi wanaikata kodi kabla hujaiona. Nikampeleka kwa Fabian. Akaangalia karatasi zake, akasema kwa sababu Jebet hana mapato mengine kule nyumbani, anaweza kudai arudishiwe. Fomu yenyewe ni ya dakika kumi, ila siku hiyo mtandao wa kodi ulikataa kufunguka.

"Karatasi zako umezipanga vizuri sana," akamwambia. Mimi miezi minane sijawahi kuambiwa hata kwamba nimechana nywele.

Shida ilikuwa moja. Ukitaka kuingia kwenye mtandao wa kodi, unatumiwa namba sita za siri kwa laini yako ya Kenya, na zinakufa baada ya dakika tano. Simu ya Jebet inaingia laini moja tu, ile ya hapa Qatar. Laini yake ya Kenya tuliiweka kwa simu yangu tangu mwaka jana, maana yangu inaingia mbili. Na wiki hiyo zamu yangu ikabadilishwa: Ijumaa, yeye akiwa mapumzikoni, mimi niko kazini chini kabisa ya hoteli, napiga mashuka pasi. Kwa hivyo namba zije kwangu, mimi nimtumie.

Ijumaa ya kwanza simu ikalia. Namba hizo hapo, zote sita. Halafu Jebet akaandika: "Nafula, zimeingia? Tuma haraka, Fabian anangoja."

Ati Fabian anangoja! Nikawaona kabisa, Jebet na hiyo shingo yake ndefu, wameinamia skrini moja. Nikaisukuma simu chini ya taulo, nikaendelea kupiga pasi mpaka dakika tano zikaisha. Jioni nikamwambia network huku chini ni mbaya.

"Usijali, mami," akasema. "Fabian ameniambia nirudi Ijumaa ijayo."

Ijumaa ya pili nilituma, lakini ile namba ya mwisho, nane, niliifanya tatu. Mtandao ukawakataa. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Ijumaa ya tatu nikazima simu kabisa, na Jebet akarudi saa moja jioni na sambusa kwenye karatasi. "Fabian amekutumia, ati pole na kazi." Pole na kazi! Nilizila zote nne nikiwa nimempa mgongo.

Jumatatu nikamwaga yote kwa Mwanahawa, mama wa Tanga tunayepiga naye pasi meza moja. Nilitaka anihurumie. Aliweka pasi chini, akanitazama, kisha akacheka hadi akashika meza.

"Mwenzangu, hivi una akili wewe? Kitu cha dakika kumi umekifanya wiki tatu! Ungemtumia siku ile ile, angesema asante akaenda zake. Kila ukificha hizo namba unawapa Ijumaa nyingine wakae pamoja."

Haki ya nani, sikuwa nimeliwaza hilo hata mara moja. Nilisimama pale kama nimemwagiwa maji baridi. Shuka la watu likaungua.

Basi Ijumaa ya nne nikajipanga. Simu nilichaji usiku kucha. Asubuhi nikamwambia Jebet, "Leo nitakutumia kabla hujavuta pumzi. Umalize hii mambo." Akasema sawa, akarudi kwenye kioo kujipaka rangi ya midomo mara ya pili. Kazini nilimwomba msimamizi anihamishie mlango wa nyuma, mahali malori hushusha mashuka, kwa sababu hapo network ni nzuri.

Saa tatu, kimya. Saa nne, kimya. Saa sita nikaingiwa na wasiwasi kwamba laini ya Jebet imekufa, nikajitumia ujumbe kutoka laini yangu kwenda ile yake. Ukaingia hapo hapo. Saa nane Mwanahawa akaniletea chai, akaiona simu mkononi mwangu, akarudi kwenye pasi yake. Hadi saa kumi nilikuwa bado nimeishika, na hakuna aliyeomba namba yoyote.

Jebet alirudi saa moja na nusu. Alipovua viatu pale mlangoni, mchanga ukamwagika sakafuni, mweupe, na kipande cha kombe la baharini ndani yake. Kwenye mkahawa wa Fereej Bin Mahmoud hakuna mchanga kama huo. Huo ni wa ufukweni, kule Al Wakrah.

"Mbona hamkuomba namba?" nikamuuliza. "Nimekaa na simu siku nzima kama mjinga. Ile kodi imefika wapi?"

Alikuwa akitabasamu peke yake, kiatu kimoja mkononi.

"Kodi gani?" akasema.