Omena wa Bwawani

Nelius hakulelewa na samaki. Kwao ni juu, upande wa Runyenjes, kwenye majani chai na migomba, na nyanya yake akisikia mtu amekula samaki alitema mate chini akauliza, "Kwani maharagwe yameisha?" Samaki alikuja kuwajua ukubwani, alipoolewa huku chini Mbeere karibu na bwawa, na hata hapo alijua wale wa karai tu: tilapia wa kujaza sahani na kambare wa kukatwa vipande. Omena alikuwa amemwona dukani kwa Mhindi, ndani ya gunia, mkavu, mdogo kama msumari. Alijua omena ni mdogo kwa sababu Mungu alimuumba hivyo.

Kwa hiyo Ngari, mwanawe, alipoanza kurudi nyumbani na ndoo ya samaki wadogo, akasema, "Mama, hii ni omena, anika," Nelius alitandika magunia juani akaanika. Mama mmoja wa kutoka Kianjai alikuwa anawanunua kwa ajili ya kuku. Walipikwa nyumbani pia, na nyanya na kitunguu, na Kawira, mke wa Ngari, ambaye alikuwa mjamzito, aliwapenda sana.

Usimcheke. Wengi wetu tungefanya hivyo.

Jambo moja tu lilikuwa linamsumbua, nalo halikuhusu samaki. Alikuwa na wana wawili. Yule mkubwa, Mugendi, alienda Laare kubeba miraa kwa bodaboda, kwa ile mbio yao ya kukimbiza gari la mzigo, akarudishwa nyumbani ndani ya jeneza. Tangu siku hiyo Nelius hakutaka hata kusikia jina la Laare likitajwa kwake. Ngari alipopata nafasi kwenye mashua ya Mzee Ndambiri, mwenyekiti wa kamati ya ufuo, mama alipiga magoti jikoni akamshukuru Mungu. Kijana wa mashua hulala kwao.

Sasa siku hiyo alikuwa amekaa ufuoni na jirani yake Phyllis wakiparua samaki. Mashua zilikuwa zimerudi na kidogo, kama kawaida ya siku hizo. Nelius akashika tilapia jike, akamfungua mdomo atoe uzi wa wavu uliomnasa, na kutoka mdomoni wakamwagika samaki wadogo, wengi, wakaanguka kwenye beseni wakirukaruka.

"Haiya!" Phyllis akaangua kicheko. "Mama Ngari, huyu amekula omena yako yote! Mlipishe!"

Nelius naye akacheka. Mzee Ndambiri alikuwa anafunga kamba ya mashua hapo karibu, na yeye hakucheka.

"Hajakula," akasema. "Hao ni watoto wake. Huyu huwalea mdomoni. Akiona hatari anawafungulia, wanaingia, anafunga. Hata chakula hali mpaka watoke. Ndiyo maana tulifunga ile kona ya matete isivuliwe, mama. Ni huko wanakozalia."

Nelius aliinamia beseni. Kila mtoto alikuwa na mistari myembamba ubavuni, na kwenye pezi la mgongoni alikuwa na doa jeusi, kama mtu amemgusa na kalamu. Doa hilo alilijua. Alikuwa akiligeuza juani kwa mikono yake asubuhi na jioni, magunia kwa magunia.

Alimaliza kuparua, akanawa, akaenda nyumbani. Alipofika alichukua konzi ya samaki wale wakavu akawaweka kwenye kiganja na kuwatazama mpaka Kawira akamuuliza kama anaumwa.

Ngari alipokuja kula, mama alimwekea sahani, na kando ya sahani akamwekea samaki mmoja mkavu, akamuuliza:

"Huyu ni nini?"

"Si omena, mama."

"Ngari. Mimi ndiye niliyekuzaa. Huyu ni nini?"

Kijana alikula kidogo, akatafuna kwa muda mrefu kitu kisichohitaji kutafunwa. "Mwanzo nilidhani ni omena, nakuapia. Omena haikui, na kamati ilifunga kona kwa ajili ya tilapia, haikufunga omena. Halafu nikaona."

"Na ukaendelea."

"Sasa ningefanya nini? Mashua inarudi tupu. Unaona vile Kawira yuko. Nitaacha mtoto akizaliwa."

"Mashua inarudi tupu kwa sababu unavua watoto kabla wawe samaki! Na neti uliitoa wapi?"

Kawira alitazama chini. Neti ilikuwa yake, ile ya mbu aliyopewa kliniki alale ndani yake na mimba.

"Mama, ukisema kwa kamati watanitoa kwenye mashua," Ngari akasema polepole. "Unajua nitaenda wapi."

Alijua. Alienda kulala na maneno hayo kifuani, na kusema kweli angenyamaza. Mama gani anayempeleka mtoto wake barabara ile ile iliyomla mwingine? Alijiambia Ngari ni mtu mmoja, na bwawa ni kubwa. Alijiambia mtoto atazaliwa na jambo litaisha lenyewe.

Lakini kulipokucha Phyllis alikuja kuomba chumvi, na alipopewa hakuondoka.

"Mama Ngari, usiwe mchoyo," akasema, akimpiga kiwiko kwa utani. "Mwambie Ngari amwonyeshe kijana wangu mahali pa omena. Nimeshashona neti mbili pamoja. Na mama yake Njura anashona, na wale wa pale juu. Kwani mnataka kutajirika peke yenu?"

Nelius alitazama ng'ambo ya ua, kwa Phyllis. Neti zilikuwa zimening'inia kwenye kamba ya nguo, nyeupe, zimeshonwa vizuri kwa uzi wa buluu. Akaona kona ya matete na neti zote hizo ndani yake. Akarudi ndani kutafuta gunia.

Kamati ilikutana Ijumaa hiyo kwenye kibanda cha kupimia samaki. Nelius aliingia na gunia kichwani, akalimwaga mbele ya Mzee Ndambiri, samaki wakavu wakatawanyika mpaka kwenye viatu vya watu.

"Hawa si omena," akasema. "Ni watoto wa tilapia, wa kona ya matete. Wametoka nyumbani kwangu. Niliwaanika mimi, na neti ni ya kwangu. Na kama kuna mama mwingine hapa anashona, aache leo."

Phyllis alifunika uso na leso.

"Nani alivua, mama?" Mzee Ndambiri akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyetaka kujibiwa.

Ngari alikuwa amesimama mlangoni na vijana wa mashua. Nelius hakumtazama. Alifungua mdomo na jina likakataa kutoka. Ndipo Ngari mwenyewe akasema, "Ni mimi," akageuka akaondoka.

Neti zilichomwa siku hiyo hiyo, ya Ngari na zile zilizokuwa bado hazijaguswa na maji. Ngari alitolewa kwenye mashua kwa mwaka mzima, maana sheria ni ya wote. Hakugombana na mama yake. Ingekuwa nafuu kama angegombana. Alikunja nguo zake, akamwambia Kawira atatuma kitu, na Jumatatu akapanda kwenda Laare.

Mimi nasema haya kwa sababu ya akina mama wanaoanika. Uliza ndoo ikiingia nyumbani. Uliza siku ya kwanza, kabla kijana hajazoea, wakati bado neno lako linaweza kumrudisha bila kamati na bila moto.

Kawira alijifungua msichana wakati wa mvua. Ngari hupiga simu Jumapili, anapigia mkewe. Nelius huacha kazi ya jikoni akasimama karibu, si kwa kusikiliza maneno, ila asikie ile sauti tu, ajue ni mzima.

"Mama yuko hapa, uongee naye?" Kawira humuuliza kila mara.

Juzi Ngari hakusema hapana kama siku nyingine. Nyuma yake pikipiki zilikuwa zinanguruma.

"Muulize kama samaki wamerudi," akasema.

Kawira alimtazama mama mkwe. Nelius alitikisa kichwa.

"Anasema bado," Kawira akasema, na simu ikakatika.