Ubavuni mwa Bihogo

Baba yangu, Elieza, alikuwa mwalimu wa kanisa hapa Kimuli, na wokovu ulipotufikia mwaka 1946 aliuvaa wote. Alivunja vibuyu vya pombe, akachoma kibanda cha mizimu cha babu. Kila Alhamisi waliookoka, yaani walokole, walijaa uani kwetu kuungama dhambi mbele ya wote, kubwa kwa ndogo. Wenye uhaba wa dhambi walibuni. Nilichoka na maigizo yale, nikaacha kwenda.

Mungu sikumwacha. Alfajiri nikimkamua Bihogo, ng'ombe wetu mwekundu, niliegemeza paji la uso ubavuni mwake, nikamweleza Mungu yaliyonijaa, bila sauti wala amina. Nilijua nasikilizwa. Kanisani sikuwahi kusikilizwa hivyo.

Siku moja Kaijage, kiongozi wa walokole, akaniona. Zamani huku ukoo ulikuwa na ng'ombe wa mizimu, asiyeuzwa wala kuchinjwa, na Kaijage aliyekulia katika hayo hakuweza kufikiri jingine. Alimwambia baba kwamba mimi, Muhangi, nimerudisha mizimu ya babu zizini. Nilieleza mpaka koo likakauka. Walinisikiliza kwa upole, kama anavyosikilizwa mgonjwa wa homa.

Asubuhi moja wakaja wakiimba, wengi kuliko siku zote. Baba alisema nikitubu mbele yao, Bihogo atabaki. Neno moja tu, na wengine pale wangelitoa bila kumeza mate. Lakini Mungu yule sikuwahi kumdanganya, na sikutaka kuanzia hapo. Nilikataa. Baba akamchinja kwa mkono wake mwenyewe, nami nikalia waziwazi, mtu mzima na ndevu zangu.

Wimbo ulikatika. Kaijage akaniuliza kama sasa niko huru. Nilifumba macho, nikamtafuta Mungu wangu, nikiogopa kwamba nimempoteza pamoja na ng'ombe. Alikuwapo, karibu kama jana. Furaha ikanifanya mpumbavu.

"Hakuondoka," nikasema. "Bado yupo."

Waliangaliana. Kaijage akamnong'oneza baba kwamba basi mzimu umehama.

"Yuko wapi, mwanangu?" baba akauliza taratibu.

Nikagusa kifua changu.

Baba alipatazama pale nilipogusa, na kisu alikuwa hajakifuta. Wimbo ukaanza upya, na watu wakasogea kuziba lango la zizi.