Kumi Wapite, Kisha Wawili

Kazi nyingi nilizofanya ni za kusimama. Nimelinda ghala la mbao Georgia, nimekata tiketi kwenye maonyesho yanayohama mji hadi mji, nimeshika bendera nyekundu barabarani Alabama huku wenzangu wakimwaga lami. Zote hizo nimezisahau nusu. Ile ya Florida haijanitoka, ile ya kusimama mahali foleni mbili zinapokutana.

Palikuwa mguuni pa Farasi Mwitu, mchezo mkubwa kuliko yote katika bustani ile ya michezo. Ni gari la reli linalopandishwa polepole mpaka juu kuliko mnara wa kanisa, halafu linaachiwa liporomoke. Kushoto kwangu ilikuwa foleni ya kawaida, ya kila mtu aliyelipa kiingilio getini. Kulia ilikuwa njia ya walioongeza pesa ili wasisubiri. Mimi katikati, kamba mkono huu, kidude cha kuhesabia mkono ule. Amri ilikuwa kumi wa kulia wapite, kisha wawili wa kushoto. Kulia kukijaa mpaka nguzo ya kijani, kushoto kusimame kabisa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya Julai, jua la kuyeyusha soli. Tulikuwa tunabadilishana vituo, na mpaka saa saba na nusu mchana mimi nilikuwa mlangoni pa foleni, kwenye fimbo ya kupimia watoto. Akaja mwanamume na binti yake. Shingo ya yule baba ilikuwa imeungua, na chini ya kucha kulikuwa na lami ya kuzibia mapaa, ile isiyotoka kwa sabuni. Binti alikuwa na miaka minane, nywele zimesukwa na mtu aliyejifunza kusuka juzi.

"Simama wima," nikamwambia binti. "Usinyanyue visigino, nakuona."

"Sinyanyui!"

"Na nywele hatuhesabu."

Nikashusha ubao ukagusa utosi. Inchi arobaini na nane zinazotakiwa, na nusu kidole juu yake.

"Umepita, na chenji umebakiza."

Alipiga kelele kana kwamba tayari anaporomoka. Baba yake akachomoa kutoka kwenye pochi kadi iliyokunjika kona zote.

"Mzee, sahihi hii si yako?"

Ilikuwa yangu. Tulikuwa na desturi bustanini pale. Mtoto akija akapungua urefu, akaanza kulia, tunampa kadi yenye jina lake: siku utakayotimia, njoo, utapita mbele bila foleni, wewe na mtu wako mmoja. Sasa nikawakumbuka. Miaka miwili kabla ya siku hiyo huyu Maylene alipungua vidole vinne, akalia mpaka akapata kwikwi, nikamwandikia mimi mwenyewe.

"Bwana," nikasema, "kadi hizi zimefutwa. Tangu wenye bustani wapya waingie wakati wa baridi."

"Zimefutwaje? Imeandikwa hapa. Yeye na mtu wake mmoja. Mtu wake ni mimi."

"Najua. Niliandika mimi."

"Basi?"

"Basi sasa mbele kunauzwa."

Akatazama ubao wa bei nyuma yangu. Dola mia moja ishirini na tisa kwa kichwa, na juu yake karatasi nyekundu: za leo zimekwisha. Zilikuwa zimekwisha tangu saa nne asubuhi. Akacheka kicheko cha mtu aliyejigonga kidole gumba kwa nyundo mbele ya watu.

"Ningejua ningekusanya," akasema. "Tangu Krismasi ningeweka kidogo kidogo. Sikuweka kitu kwa sababu ya hii kadi."

Jina lake lilikuwa Royce. Akanisogelea binti asisikie. "Mama yake na mumewe wanahamia Oregon, mzee, upande wa pili wa nchi. Ndege ni leo jioni. Saa kumi nimkabidhi. Nimemwahidi miaka miwili kwamba mara ya kwanza tutapanda mimi na yeye, tumekaa kiti kimoja. Sina lingine la kumpa."

Ubao wa muda ulisema dakika tisini. Nikapiga hesabu. "Ingieni sasa hivi. Mnawahi."

Nilisema kwa moyo safi.

Aliyekaa Florida anajua mbingu ya Julai haipitishi alasiri bila kunguruma. Saa nane na robo radi ikapiga upande wa ziwa, Farasi Mwitu akasimamishwa. Watu wa foleni ya kawaida walibaki humo humo chini ya paa la bati, maana anayetoka amepoteza nafasi. Wa njia ya kulipia wakaenda kula wakarudi. Dakika arobaini baadaye mchezo ukafunguliwa, na hapo nilikuwa nimeshahamishiwa kwenye kamba. Wakaja wa kulia kama siafu, wakafika nguzo ya kijani, wakaipita.

"Simamisha kushoto," Kendra akasema kwenye redio. Kendra alikuwa msimamizi wangu, umri wa mjukuu wangu kama ningekuwa naye.

Nikafunga kamba. Foleni ya kushoto ikaanza maneno.

"Tazameni hao!" alisema mama mmoja mnene aliyeshika paja la bata mzinga. "Wanapitishwa kama wajawazito!"

"Mama, si ungenunua na wewe," akajibu kijana mmoja wa kulia, anapita.

"Na kodi ya nyumba ungenilipia wewe?"

"Mimi sijamwibia mtu. Nimelipa."

"Hata mimi nimelipa! Au ile ya getini nilitoa sadaka?"

Watu wakacheka, hata wa kulia. Watu wameniuliza mara nyingi kama jambo lile ni la haki. Huwa nawaambia yule kijana kweli hakumwibia mtu. Alilipa alichoambiwa alipe, akapita alipoambiwa apite. Lakini kiti kilichokwenda kwake hakikutoka hewani. Kilitoka kwa mtu aliyekuwa amesimama pale kabla yake, na huyo hakuna aliyemuuliza kama anauza.

Kila kulia kulipopungua nilipitisha wawili wawili wa kushoto, kisha nikafunga tena. Saa tisa na nusu Royce na Maylene walikuwa wa kwanza kushoto, tumbo la baba limegusa kamba yangu. Gari lilikuwa likiondoka kila dakika mbili, tuliliona linavyopanda. Binti alikuwa amekaa juu ya mabega ya baba yake, anawahesabu wanaopita.

"Baba, yule mwenye kofia ya samaki papa, hii mara ya tatu."

"Anaupenda sana, mwanangu."

"Mimi pia naupenda na sijaupanda."

Royce akanitazama. Ingekuwa afadhali angenitukana. Nikainua redio.

"Kendra, nipe wawili. Wawili tu wa kushoto."

"Nguzo ikoje?"

"Imejaa."

"Basi jibu unalo, Harlan."

Juu ya kichwa changu kulikuwa na kamera. Nilikuwa na miaka sitini na minane, nalala ndani ya gari langu kwenye uwanja wa kambi, na kazi nilikuwa nimefukuzwa nyingi kwa makosa madogo kuliko kushusha kamba, nikaondoka napiga mluzi. Siku ile sikushusha. Nimejiuliza kwa nini, jibu sijapata. Ukisimama mahali muda mrefu unageuka nguzo.

Saa tisa na dakika arobaini na mbili akaja mwanamume mwembamba mwenye miwani, anatembea haraka kwenye njia ya kulia. Maylene akamwona toka juu.

"Garrett!"

Huyo ndiye mume wa mama yake. Akasimama upande wa pili wa kamba, anahema.

"Royce. Mama yake yuko kwenye gari na mizigo. Hamjapanda?"

"Unatuona tumepanda?"

"Ile kadi je?"

"Kadi ilikufa."

Garrett akafuta miwani kwa shati. "Sikiliza. Mimi nina pasi ya mwaka, ya njia hii. Yangu, ya mama yake, na ya Maylene. Tangu Machi."

"Tangu Machi?"

"Urefu alitimiza Juni. Sikumleta. Nilijua unataka uwe wewe." Akamgeukia Maylene, kisha mimi. "Mzee, huyu baba atumie yangu. Aende na binti yake, mimi nawasubiri chini."

Kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kumchukia yule mtu. Alivua ukanda wake wa mkononi, ndiyo pasi yenyewe, pale pale, akampa Royce. Royce akaupokea, akaubana kwenye kifundo. Nikausogeza kwenye mashine ya kusoma pasi, na mashine ikafanya ilichofundishwa, ikatoa picha ya Garrett kubwa kama sahani, ikalia.

"Harlan," ikasema redio, "hiyo sura siyo."

"Naona."

"Ukipitisha sura isiyo yake, tukipata ajali, bima inatugeuka. Usifanye."

Watu watatu wakanitazama, na mmoja ana miaka minane. Kilichobaki kilikuwa kunyanyua mkono. Wale wa kulia nadhani wangewapisha kama ningewaomba. Sikuwaomba.

"Haiwezekani, bwana," nikasema.

Royce akavua ukanda, akamrudishia mwenyewe. Akamshusha binti mabegani, akachuchumaa.

"Sasa sikiliza, Maylene. Utapanda na Garrett."

"Sitaki. Nataka na wewe."

"Na mimi nataka. Lakini ukinisubiri mimi hupandi kabisa, saa imekwisha."

"Basi nisipande!"

"Mimi nimeshaupanda toka sijakuzaa," akasema. Baadaye alikiri kwangu kuwa alidanganya. "Panda uje uniambie kama bado uko vile vile."

Binti akamkumbatia shingo mpaka sura ikamwiva. Halafu Royce mwenyewe akainua kamba yangu, kidogo tu, kimo cha mtoto, akampitisha chini yake. Garrett akatoa mfukoni ukanda wa Maylene, mashine ikatoa picha yake, ikawa kijani. Hawakuchukua hata dakika tano, wakaketi.

Royce alitaka awe chini binti akishuka, na hakuwa na njia ya kurudi nyuma, watu walijaa. Pale mbele kuna mlango mmoja tu wa kutokea, wa walioingiwa na hofu dakika ya mwisho. Kwetu unaitwa mlango wa kuku, maana kule mwoga huitwa kuku. Na ni mazoea ya nchi ile kwamba anayepita pale anachekwa. Hakuna ubaya ndani yake, ni utani wa bustanini. Vijana waliokuwa nyuma, ambao hawakusikia lolote, walipomwona mwanamume mzima mwenye mabega kama yale anasukuma ule mlango, wakaanza: "Kokoko! Kokoko! Moyo wa kuku huyooo!" Wakapigapiga viwiko kama mabawa. Foleni nzima ya nyuma ikapokea.

Yeye akawainulia kofia, akatoka.

Saa kumi kasoro dakika tano yakafika mapumziko yangu, nikatoka kwa mlango ule ule. Nikamkuta amesimama chini, anatazama reli. Gari likapita juu yetu kwa mngurumo, mikono yote iko hewani, vichwa vidogo vidogo, humjui nani ni nani. Royce alikuwa akipunga mkono. Aliendelea kupunga hata lilipokwisha kupita.

Maylene akatoka mbio, msuko umefumuka.

"Baba! Ukifika juu unaona ziwa lote! Halafu gari linasimama, hivi, kimya, unadhani limeharibika, halafu..." Akashusha mkono. "Tumbo linabaki kule! Na kuna pango, hukuniambia kuna pango!"

"Nilisahau pango."

"Mtu anasahauje pango?"

"Miaka mingi, mwanangu. Niambie tena la ziwa."

Akamwambia tena. Garrett alisimama mbali kidogo, ameshika mkoba wa mtoto, anatazama viatu vyake, haitazami saa ingawa ilikuwa saa kumi na dakika nne. Hakuna aliyewaharakisha. Mwishowe Royce mwenyewe alimshika binti mabega, akamgeuza, akamsukuma taratibu kwa Garrett. Maylene aligeuka mara ya kwanza kwenye kibanda cha limau na mara ya pili kwenye kona. Baada ya kona sijui.

"Pole, bwana," nikasema. "Ile kamba..."

"Foleni ya kawaida sasa ni muda gani?"

"Ubao unasema masaa mawili na nusu ya kusubiri. Lakini bwana, nenda nyumbani."

"Nimeambiwa kuna pango," akasema. "Atapiga simu usiku, ataniuliza."

Akaenda mwisho wa foleni, nyuma ya watu wote, peke yake.

Alinifikia jua linashuka nyuma ya reli. Kulia kulikuwa kumejaa tena mpaka nguzo ya kijani. Nilipomwona kwenye kamba sikuuliza redio, sikutazama kamera. Nikaidondosha chini, nikawazuia wa kulia kwa kifua. "Pita, Royce. Pita sasa hivi."

Kendra akaita jina langu mara mbili kwenye redio. Royce akainama, akaiokota ile kamba, akaitundika mahali pake.

"Waache wapite, mzee," akasema. "Mimi sina haraka tena."