Duara Lenye Nukta

"Afande, mguu huo usiuweke chini, sakafu ina misumari," fundi alisema, huku akigeuza kiatu cha mzee na kuisugua soli kwa kiganja. Akachukua chaki, akachora duara dogo, akatia nukta katikati, kisha akakitanguliza kiatu mbele ya vingine vyote vilivyokuwa vimejipanga kwenye rafu.

Afande huyu hakuwa wa kupigana. Alikuwa karani jeshini kwa miaka ishirini na sita hadi alipostaafu, na silaha yake kubwa, kama alivyopenda kusema mwenyewe, ilikuwa mhuri. Mchana huo aliketi kwenye stuli, mguu mmoja ndani ya soksi yenye tundu, akingoja kisigino. Mapajani alikuwa na karatasi mbili alizokabidhiwa na Shangazi.

Shangazi mwenyewe alikaa kwenye benchi, mkoba kifuani, kimya. Shangazi kukaa kimya robo saa nzima ni habari ya kutangazwa.

Karatasi zile zilikuwa nakala ya kadi ya baba yake, babu wa fundi, ya utumishi wake vitani. Ofisi ya kumbukumbu ilichukua miezi minane kuituma, na ilipofika ikawa vifupisho vitupu: herufi mbili hapa, tatu pale, nukta kila mahali, utadhani aliyeandika alikuwa anauonea uchungu wino. Fundi hakuwa ameiangalia hata mara moja. Mambo ya kusoma aliwaachia wenyewe.

Mjini ulikuwa unajengwa ukuta wa majina ya waliokwenda vitani, na siku ya mwisho ya kupeleka karatasi ilikuwa leo, saa tisa kamili. Shangazi alikuwa ameapa kwamba kama baba yake alitoroka, jina lake halitapanda ukutani kwa uongo wa bintiye. Hofu hiyo hakuianza jana. Jirani yake, yule wanayemwita Redio kwa sababu hazimiki, alikuwa na neno moja tangu usichana wao: "Baba yangu na baba yako walikuwa kikosi kimoja. Asubuhi majina yakiitwa, wako hayupo." Na mzee alirudi bila nishani, bila kovu, bila hata kisa kimoja cha vita. Alirudi akafungua kibanda hiki, akamfundisha mwanawe kushona viatu, na mwanawe akamfundisha fundi.

"A.N.," Afande alisoma kwa sauti ya ofisini. "Afya njema. Walimpima wakamkuta mzima."

"Hilo nalijua," Shangazi alisema. "Endelea."

"L.K. Likizo. Siku kumi."

"Ndiyo hiyo alimwoa mama. Endelea, mzee wangu."

Afande aliteremsha kidole, kikakwama mahali. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Fundi aliacha kugonga.

"Na hizo H.K.?" Shangazi aliuliza. "Nimeziona. Ziko tisa. Nimezihesabu usiku na mchana, usinifiche."

"Hayupo kikosini, mama," Afande alisema taratibu.

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Shangazi aliufunga mkoba, akaufungua, akaufunga.

"Basi Redio alisema kweli," alisema. "Miaka yote hii namtukana bure. Nipe karatasi zangu, mzee. Nashukuru."

Fundi aliumia. Sauti ile aliisikia mara moja tu, siku walipomzika baba yake. Akainuka, akazipokea karatasi kwa Afande ili ampe Shangazi, na ndipo macho yake yalipozigusa kwa mara ya kwanza. Akabaki amesimama nazo.

"Afande, hivi vya penseli ni nini?"

"Vipi? Hivyo si vya jeshi. Nilidhani ni uchafu wa mashine ya kutolea nakala."

Fundi aliinama, akachukua kiatu cha Afande, akakigeuza soli juu na kukiweka kando ya karatasi. Duara, nukta katikati. Kwenye karatasi, kando ya kila H.K., duara, nukta katikati, na kabla yake mwandiko mdogo uliolalia kushoto.

"Jozi kumi na nne, soli na visigino," alisoma, yeye asiyependa kusoma, bila kukwama popote. "Jozi ishirini, kushona upya. Hapa jozi thelathini na moja. Shangazi, huu ni mkono wa babu!"

"Na hilo duara?"

"Babu alimfundisha baba, baba akanifundisha mimi. Mwenye kiatu yuko pekupeku, anangoja. Kiatu chenye alama hii kinatangulia."

Afande alizinyakua karatasi, akazisogeza hadi puani, kisha akajipiga kofi la paja.

"Karani mzima mimi, nimesoma safu moja nikaacha ya pembeni! Tazama, hizi ni namba za vikosi vingine, na kila moja ina saini yake. Kikosi chake kilimwazimisha kwa wenzake. Kwao wakiita majina, lazima waandike hayupo. Mama, mtoro hazunguki na kadi yake akiomba saini!"

"Kwa hiyo baba yangu alikuwa wapi?"

"Kwa watu waliokuwa pekupeku, Shangazi," fundi alisema.

Shangazi alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa ncha ya kitambaa, akauliza saa ngapi. Saba na nusu. Akaruka kutoka kwenye benchi kama msichana, na ukanda wa ndala yake ya ngozi ukakatika pale pale.

"Ona sasa! Ofisi inafungwa, na Redio nataka nimpitie njiani!"

"Kaa," fundi alisema. Akaivua ndala mguuni mwake, akachukua chaki, akachora duara na nukta. Akakitazama kiatu cha Afande, akamtazama mwenyewe.

"Mpishe mama," Afande alisema, akikunja vidole vyake ndani ya soksi. "Mimi sina pa kwenda."

Shangazi aliketi na mguu mtupu hewani, akiufuata uzi ukiingia na kutoka. Fundi alipomaliza, kama kawaida yake, alinyoosha mkono kuchukua kitambaa afute chaki.

"Iache," Shangazi alisema.

Akavaa, akazipakata karatasi, akatoka bila kuaga. Afande alimfuata hadi mlangoni kwa kurukaruka na mguu mmoja, akashika bega la fundi asianguke. Wakasimama hapo wakimtazama akikata barabara, na kila alipoinua kisigino duara jeupe lilionekana, likapotea, likaonekana tena.