Kiti cha Muziki cha Upande

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Upande alikunja kitambaa cha meza, akamwaga matofali mia mbili na kumi ya plastiki, akaanza kukijengea kiti kicheza muziki chake. Kicheza muziki chenyewe kilikuwa kidogo kama kiberiti, na tundu lake la waya lilikuwa limelegea, hivyo kiliimba tu kikisimamishwa wima na kuegemezwa vizuri, kama mlevi anayerudishwa kwa mkewe.

Matofali yalikuwa ya kuchezea watoto, yale yanayobanana kwa vinundu. Yalitoka kiwandani kwake: kila Ijumaa wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua konzi moja ya yaliyoharibika. Upande alikuwa ameendesha mashine namba tatu kwa miaka kumi na mmoja. Mashine hiyo ilikandamiza plastiki kila baada ya sekunde nne, kwa kishindo cha lori lililogonga ukuta, na ilikaa kushoto kwake. Sikio la kushoto lilikuwa limezima zamani. Ndiyo maana majirani walimwita Upande. Ukimsalimia, kwanza anageuka kama mlango. Sasa la kulia nalo lilikuwa limeanza kuvuma kama nyuki, na alikuwa ameomba ahamishiwe chumba cha kufungashia kabla halijamfuata mwenzake. Kiwanda kilimjibu kwa barua kwamba huenda sikio hilo bovu alizaliwa nalo.

“Kuzaliwa nalo, nilizaliwa nalo,” alisema Upande. “Tena nilizaliwa nayo yote mawili.”

Wifi yake alikuwa akipiga pasi pembeni. “Wenzako wanajenga nyumba, wifi. Wewe unaijengea redio.”

“Na yako iko wapi?”

“Mimi mvivu. Wewe ndiye mwenye matofali.”

Upande aliacha tundu la waya chini, akapachika kushoto spika aliyoing'oa kwenye redio iliyokufa, akakikalisha kicheza muziki kitini. Kikaimba vizuri. Wimbo ulipokwisha, spika haikunyamaza. Ilitoa mvua juu ya bati, birika likichemka, mtu akipiga chafya, kisha sauti ya wifi: “Nachukua mwavuli wako, usije ukasema sikukuaga.”

“Si nilikuaga?” alisema wifi, pasi ikiendelea. “Ukaninunia wiki nzima.”

“Uliniaga kushoto.”

Hapakuhitajika maelezo mengi. Sikio lilikuwa limeondoka kidogo kidogo, kishindo kwa kishindo, likaingia kwenye matofali, na huko likaendelea na kazi yake ya kusikia. Walisikiliza huku wakikunja nguo.

Jioni mumewe, fundi wa kupaka rangi, aliingia, nyusi zikiwa za kijani, akakuta sauti yake mwenyewe inaongea mezani. Alikuwa na mazoea ya kulala kushoto kwa mkewe.

“Umelala?” ilinong'ona spika. “Leo umependeza mpaka nimesahau nilichotaka kusema.”

Wifi akaweka pasi chini. “Kumbe kaka yangu ana maneno.”

Mume akaketi. “Miaka yote hiyo nilijua unanisikia, unaniringia tu.”

“Na mimi nilijua huna la kusema.”

Usiku huo walibadilishana upande wa kitanda.

Jumatatu Upande alikibeba kiti hadi ofisini kwa afisa wa wafanyakazi, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Afisa alisikiliza kwa nusu saa. Kwenye mwavuli alicheka. Kwenye minong'ono ya kitandani alitazama dari, kwa adabu. Mwishowe ikatoka mashine namba tatu yenyewe, na glasi ya maji ya afisa ikatembea hadi ukingoni mwa meza. Akaidaka, akaandika kwa muda mrefu.

“Hongera, mama,” alisema. “Sikio limepatikana.”

“Limepatikana wapi, bosi? Si hilo hapo mezani?”

“Hilo hapo, zima, na linasikia kuliko langu. Ombi lako linasema umepoteza sikio. Hujapoteza. Sasa nikuhamishe kwa sababu gani?” Akagonga muhuri. “Ukipita getini mwoneshe mlinzi kibali cha matofali, asikusumbue.”

Mlinzi hakumsumbua. Aliomba hata asikilizishwe kidogo, akamsifu kwa ufundi. Upande akarudi kwenye mashine namba tatu, akafunga kilemba vizuri, akaiwasha.

Jumamosi iliyofuata wifi alimkuta mezani tena, na rundo jipya la matofali.

“Unaongeza nini?”

“Upande wa kulia.”

Wifi aliangalia kazi, akabonyeza tofali moja lililokaa vibaya. “Nafasi ya spika umeacha?”

“Nimeacha.”

Basi wifi akavuta kiti, akazunguka meza, akaketi kulia kwake, akaanza kummwagia habari za mtaa mzima, akianza na zile tamu zaidi.